Kuku Aliyefunga Siku ya Kura

Ua mmoja ulikuwa unachagua mlinzi wa banda la kuku. Wagombea walikuwa Mbwa, mwenye kelele, na Kicheche, mwenye maneno matamu. Kila mpiga kura alisimama nyuma ya amtakaye, akahesabiwa.

Bata akampitia jirani yake Kuku. "Mama Vifaranga, twende mstarini. Banda ni lako na watoto ni wako."

"Shoga, mimi nimeokoka," Kuku akasema. "Siasa ni tope. Leo mimi na wenzangu tumefunga, tunamwomba Mungu atuchagulie."

"Na miguu amekupa ya nini?"

Kuku akafumba macho, akaendelea kuomba.

Kicheche alimshinda Mbwa kwa kura tatu, za panya aliowahonga mahindi. Kuku waliofunga walikuwa ishirini.

Jumapili Kicheche akaja kanisani kutoa shukrani, akapewa kiti cha mbele. "Panya walinipa kura," akasema, "lakini ninyi akina mama ndio mlionipa ushindi. Msiache kufunga."

Jumatatu, katika vifaranga tisa wa Kuku, walibaki wawili. Akaenda kwa Bata akilia. "Kwa nini Mungu ametuchagulia huyu?"

"Usimsingizie Mungu," Bata akamjibu. "Yeye hakuwa na kura. Wewe ulikuwa nayo."