Mke Mwenza wa Generoza

Jogoo aliruka juu ya robota la pamba, Generoza akamdaka mguu.

"Leo umekwisha. Mke mwenzangu anarudi!"

Mwalimu Matilda, aliyehamia Zagayu wiki mbili zilizopita na kupanga chumba kwa mama huyo, alitua ndoo ya maji.

"Mama, unamchinjia jogoo mke mwenza?"

"Sasa nimchinjie nani? Wewe?"

Habari za huyo mke mdogo zilikuwa zimemchosha Matilda. Mzee Machibya, mumewe Generoza, hali mpaka bibie ale kwanza. Kitenge kizuri kikinunuliwa, ni chake. Alipougua saratani ya damu, mzee alilala miezi sita kwenye benchi la hospitali. Dawa ziliiua saratani, lakini zikauchosha moyo. Sasa madaktari wa Dar walikuwa wakiamua: apelekwe ng'ambo akapandikizwe moyo mwingine, au abaki na moyo wake kwa dawa.

"Mzee aliwaambia wampe wa kwake," Generoza alisema akinyonyoa. "Wakamjibu ni mkubwa mno. Injini ya trekta haiingii kwenye pikipiki!" Akacheka, halafu mikono ikasimama. "Kwenye simu kagoma kuniambia walichoamua. Eti nitasikia wakifika."

"Na kama anakuja kuaga?"

"Atakula kwanza, ndipo aage."

Matilda alishindwa kuvumilia. "Mimi mume wangu akiniletea mwanamke, nawafukuza wote wawili kwa mwiko!"

"Huyu? Huyu analala katikati yetu, mwalimu. Na anapiga mateke."

Matilda akaziba mdomo kwa kanga.

Pikipiki iliunguruma njiani. Kabla haijasimama, sauti ya Machibya ilikwisha kufika uani.

"Hawaubadilishi! Wameupima, unasukuma! Dawa zimekubali, Generoza! Mke wangu anabaki na moyo wake!"

Generoza alipiga vigelegele, akakimbia na manyoya mikononi, akalia na kucheka kwa pamoja. Matilda alijifunga kanga vizuri, akasogea kumkagua huyo bibie aliyeingilia ndoa ya watu.

Mke mdogo aliteremshwa kutoka kwenye tangi la pikipiki kwa kushikwa makwapani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kupitia pengo la meno mawili ya mbele. "Babu anasema darasa la pili mmeniwekea dawati. Ni kweli?"