Sahani ya Mgeni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili Agosti, binti yangu Mwantumu alipoliambia jiko kwamba mama yake amekufa.

Majiko haya ya serikali hujipikia yenyewe kwa idadi ya waliosajiliwa nyumbani, na punje haizidi. Walaji wakizidi idadi hiyo, jiko linafungwa mwezi mzima. Marehemu mke wangu tangu zamani hakuinjika chungu bila kutia sehemu ya mgeni. Alipofariki sikuripoti. Sahani yake ikaendelea kutoka, nami nikawa namwekea mgeni, kama alivyopenda mwenyewe. Nisiseme uongo, siku nyingi mgeni hakuja na chakula nilikimwaga.

"Baba, kila sahani unayomwaga inakausha mto unaonywesha mashamba," Mwantumu aliniambia. "Na huko mbele tutaishi sisi, si nyinyi."

"Na mgeni je?"

"Mgeni ana jiko kwao."

"Hayo wamekujaza hao wakubwa. Karamu zao wao anapima nani?"

"Mimi sijui zao, Baba. Najua yetu."

Leo zimetoka sahani mbili. Tumekaa mkekani, hata kunawa bado, mara nasikia fimbo uani. Ni shemeji yangu Bi Mafunda, dada wa marehemu, ametembea tangu alfajiri kuja kutupa pole tena. Mwantumu, ambaye mama yake mkubwa huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, ameinama anatazama sahani yake.

"Hodi! Hodi humu! Wenyewe mpo?"