Bei ya Shimo la Mhanga

Palikuwa na Nungunungu mmoja aliyejiona fundi wa kununua kuliko wanyama wote. Mhanga alipotangaza kuuza shimo lake, Nungunungu hakukurupuka kutaja bei. Kwanza alizunguka kwa majirani, akawakuta wamekaa na wake zao, akawauliza walinunua mashimo yao kwa kiasi gani.

"Vikapu ishirini vya karanga," alisema Ngiri.

"Ishirini na viwili," alisema Nguchiro, akikohoa kidogo.

Basi Nungunungu akampelekea Mhanga vikapu kumi na vinane, akijisifu moyoni kwa kupunguza bei. Mhanga alimkumbatia bila kujali miiba.

"Mungu akuzidishie, ndugu yangu! Mimi nilitaka vitano tu."

Nungunungu alirudi mbio kwa Ngiri. "Mbona mlinidanganya?"

"Bwana wee, ulituuliza mbele ya wake zetu," alijibu Ngiri. "Ulitaka niseme nilinunua kwa vinne?"

Nungunungu alitaka kufoka, lakini akakumbuka uongo wake mwenyewe. Asubuhi ile ile alikuwa amemwambia mama mkwe wake kwamba shimo hilo anauziwa vikapu thelathini. Akaketi chini, akajicheka mpaka miiba ikamdondoka.