Macho ya Semkiwa

Siku hizi aliyekufa kwa kisukari huzikwa bila macho. Macho hubaki hai maabarani, watafiti wakijaribu dawa kwenye mishipa yake ya damu, mpaka jamaa wayadai wakayazike.

Bi Mwanjaa alikwenda kuyadai ya mumewe, Semkiwa, sanda ndogo ikiwa kwapani. Wifi yake, Mashavu, alimsindikiza huku akimchokoza.

"Eda imekwisha zamani, wifi, na bado unakwenda kuonana na mume!"

"Nakwenda kumalizia kumzika. Kaburi nusu silitaki."

Mtafiti, binti mpole, aliwaonyesha chupa yenye macho. "Dawa imeshika, mama. Mishipa iliyokuwa ikivuja haivuji tena. Macho haya sasa yanaona."

Semkiwa alikufa kipofu, akimtambua mkewe kwa kikohozi tu. Sasa mboni zilimgeukia Bi Mwanjaa, zikatulia usoni pake.

"Na tukiyaacha?" aliuliza Bi Mwanjaa.

"Tukiwa nayo mwaka mmoja zaidi, dawa itawafikia walio hai."

Asubuhi hiyo binti wa Bi Mwanjaa, Saumu, mgonjwa wa sukari kama baba yake, alikuwa amemimina chai nje ya kikombe.

"Yabaki," alisema Bi Mwanjaa.

Mashavu akaangua kilio. "Kaka yangu, jamani!"

"Nyamaza, wifi. Angemnyima Saumu, yeye?" Kisha akamgeukia mtafiti. "Ila usiku mzimieni taa, mwanangu. Hana kope za kufumba."

Mtafiti alitazama chini. "Taa za humu hazizimwi, mama."

"Basi nipe kiti, nimkingie."

Akaketi katikati ya chupa na taa.