Kiti cha Dereva

Bi Sikudhani aliliosha lile gari dogo kwa mara ya mwisho, akamkabidhi fundi Makame ufunguo. Kwa miaka ishirini na minane lilipeleka watoto shule, likabeba magunia ya mkaa na maharusi wawili, hadi jioni ile dereva wake alipoliegesha asilishike tena. Watoto sasa wako mbali.

Makame, aliyelinunua na kuja na betri mpya kulichukua, aliingia akanyoosha mguu. Haukufika kwenye breki. Akacheka.

"Mama, humu alikuwa akiendesha twiga?"

"Alikuwa mume wangu."

Kicheko kikamkauka. Mkono wake ulikuwa umeshashika chuma cha kusogezea kiti.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Tangu yeye, hakuna aliyekigusa. Kisogeze tu, lakini si mbele yangu."

Makame akajivuta hadi ukingoni mwa kiti, akaung'ang'ania usukani, akaondoka polepole kama anayejifunza.

Bi Sikudhani alibaki na ndoo mkononi. Mwisho wa barabara gari likasimama, taa zake nyekundu zikawaka. Akazikazia macho, maji ya ndoo yakimdondokea miguuni.