Ramani ya Mshenga

Ziwa lilikuwa mkono wa kulia, na jambo hilo lilimtia Magdalena wasiwasi.

"Mwalimu," alisema kutoka kiti cha nyuma, "tangu tutoke Rwamishenye ziwa tulikuwa nalo kushoto. Mbona sasa liko kulia?"

"Ziwa halijahama, Magdalena," alijibu Mwalimu Anatory bila kuinua macho kutoka kwenye ramani iliyotandazwa magotini pake. "Endesha, Rwekaza."

Rwekaza aliendesha. Yeye ndiye aliyekuwa akienda kuposa. Nyuma waliketi baba yake, Mzee Byarugaba, na shangazi yake Magdalena, dumu la rubisi, pombe ya ndizi, likiwa katikati yao. Mbele, kama ilivyostahili, aliketi mshenga.

Mzee Lwakatare wa Muleba alikuwa ametoa masharti mafupi. Familia mbili zilimtaka binti yake Jovina. Angeisikiliza ile itakayotangulia kuketi sebuleni kwake Jumamosi hiyo, na baada ya saa sita hangemsikiliza mtu. Jovina mwenyewe, ingawa moyo wake ulikuwa kwa Rwekaza, alisema wazi kwamba hatalivunja neno la baba yake.

Ndiyo maana Byarugaba alimchagua Mwalimu. Nusu ya wilaya ilikuwa imefundishwa naye jiografia, na watu wazima wenye wajukuu bado walisimama alipoingia. Alijua kwa nini watu hukaa hapa na si pale. Mtu wa namna hiyo hawezi kupotea.

Asubuhi, walipokuwa wakipakia zawadi, Magdalena alikuwa ameuliza, "Na mpwa wako Clavery hatusindikizi? Sikumbuki sherehe aliyoikosa yule."

"Clavery ana shughuli zake," alijibu Mwalimu, akaiomba simu ya Rwekaza. "Mposaji hazungumzi na wenyeji kabla ya mshenga. Nitakutunzia."

Tangu hapo simu ilikuwa ikilia ndani ya koti lake. Hakuigusa.

"Skeli ya ramani hii," alisema sasa, "ni moja kwa elfu hamsini. Sentimita mbili ni kilomita moja. Kutoka njia panda hadi kwa mwenyeji wetu ni sentimita nne. Kwa hiyo, kilomita nane."

"Mbili, Mwalimu," alisema Byarugaba kwa upole.

"Wewe uliishia darasa la ngapi, Byarugaba?"

Wakaenda kilomita nane. Migomba ilizidi kuwa minene na nyumba zikazidi kuwa chache.

"Mzee Lwakatare anaishi katika makazi ya mstari, kandokando ya barabara," Mwalimu alieleza. "Hapa makazi yametawanyika. Tumekaribia."

"Kama yametawanyika, si tumekosea?" aliuliza Magdalena.

"Mstari huanza kwa nukta."

Rwekaza alipunguza mwendo. "Mwalimu, nimwulize yule mama anayeanika kahawa?"

"Mshenga anayeuliza njia anatangaza kwamba ukoo uliomtuma haukusoma. Unataka kuoa, au unataka kuaibisha watu?"

Lakini mama yule alikwisha kuacha mkeka wake na kuja dirishani. Alipiga goti kidogo, akamsalimu kwa Kihaya. "Kampile waitu, Mwalimu. Umesahau kitu?"

"Endesha," alisema Mwalimu. Walipokuwa mbali kidogo akaongeza, "Wazee wa huku huwafananisha watu."

Palipokuwa na kilima aliwafundisha kontua. Mistari ikiachana, alisema, nchi ni tambarare. Ikibanana, kuna mteremko mkali. Kisha akaweka kidole mahali ambapo mistari ilikuwa imebanana kama nyuzi za kikapu. "Tupite hapa."

Gari lilikwama katikati ya mwinuko. Byarugaba alivua koti la harusi yake mwenyewe, akasukuma. Rwekaza akasukuma. Magdalena akasukuma, na kizibo cha dumu kikafyatuka, rubisi ikamwagika hadi kwenye viatu vyake vya kanisani. Mwalimu alisimama kando, akisoma ufunguo wa ramani.

"Nilimwambia kaka yangu tumchukue katekista," alisema Magdalena, akikung'uta viatu. "Hajui kontua, lakini Muleba anaifahamu."

"Nyamaza, dada. Mtu amesoma huyu."

"Amesoma, ndiyo. Nasi ndio tunaosukuma."

Walikuwa wamefika kileleni kengele ya parokia iliposikika kutoka bondeni. Ilikuwa saa sita kamili. Rwekaza alikaza mikono kwenye usukani.

"Zima gari," alisema Mwalimu. Akavua kofia, akasali Malaika wa Bwana yote, taratibu, kwa Kilatini, kama alivyofundishwa na mapadre, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Alipomaliza, aliikunja ramani vizuri, akaitia mfukoni.

"Shuka hapa. Kushoto kwenye mbuni ulioinama. Ukipita daraja la magogo, kulia. Punguza, pana shimo."

Kwa kweli shimo lilikuwepo. Kabla ya Magdalena kumaliza kujifuta viatu, gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Mzee Lwakatare, na mbwa wa mji huo alikuwa akimtikisia Mwalimu mkia.

Sebule ilikuwa imejaa. Wageni walikuwa wakitafuna punje za kahawa walizokaribishwa, na kijana mmoja mwenye suti, aliyeketi kiti cha heshima, aligeuka kutazama walioingia. Alikuwa Clavery.

Mzee Lwakatare aliinuka, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibuni, ndugu zangu, ingawa neno limekwisha kutoka," alisema. "Mwalimu, watu wako wanaisifu sana ramani uliyowachorea. Wamefika saa mbili asubuhi, na hawakumwuliza mtu njia."