Viini Vikubwa

Mtaalamu wa maabara aliweka jicho kwenye hadubini, akatabasamu kabla hajajizuia. Kipanga alikuwa amekosea.

Kwenye kile kipande cha ini, seli nyingi zilikuwa na viini vikubwa, mara mbili ya vingine. Kipanga, binti aliyepewa cheo ambacho mtaalamu mwenyewe alikipigia magoti miaka mitatu, alikuwa ameandika kwenye fomu: saratani.

Lakini viini vile vilikuwa laini pembeni, vimetulia kama mayai kwenye trei. Seli za ini hujiongezea seti za kromosomu, viini vikakua, hasa umri ukisonga, bila ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa na miaka sabini na moja.

"Dada mkubwa, bado tu unakodoa?" Kipanga alichungulia mlangoni. "Saa kumi nasoma majibu mbele ya daktari mkuu. Leo mtanikoma!"

Mtaalamu alimtazama kwa wivu. Akinyamaza sasa, angemsahihisha kikaoni, madaktari wote wakisikia. Mgonjwa asingedhurika. Hata maneno alikwisha kuyachagua.

"Na yule mzee?" aliuliza.

"Yuko kwenye benchi hapo nje, na binti yake. Naenda kuwadokeza, maskini, waanze kujiandaa."

Kipanga aligeuka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa, na kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi mpya kwa ajili ya kikao.

"Ee Bwana Mungu, nisaidie," mtaalamu alinong'ona, kisha akainuka akamwachia kiti. "Mdogo wangu, njoo ukae hapa. Funga mlango kwanza."